Mkasi Ulikuwa Kwenye Droo

9 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini miguu imepungua kuvimba na unameza dawa zako, si kuzificha chini ya mto. Mimi kikohozi kimeniachia.

Nimeingizwa kwenye kundi la ushauri. Wafungwa tisa tunakaa kwa duara kwenye karakana ya useremala, na mshauri ni mama mmoja wa sauti ya chini. Nilidhani ni kupoteza muda tu. Jumanne ikafika zamu yangu ya kueleza kosa. Nikaanza kama tulivyosema mahakamani: mke wangu alinijia na mkasi, nikasukuma mlango kujikinga, vidole vyake vikabanwa.

Kuna mzee tunamwita Profesa, kwa sababu ya miwani yake. Akauliza, "Mkasi aliushika mkono gani?"

"Wa kulia."

"Na uliobanwa?"

"Wa kulia."

Akavua miwani, akaifuta, akanitazama. Mama, nikasikia mdomo wangu mwenyewe unasema, "Mkasi ulikuwa kwenye droo."

Nikawaambia yote. Kwamba alitia mkono mlangoni nisimfungie ndani, nami nikauegemea kwa bega huku namsikia. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu. Naomba uende kwake, umwambie ulidanganya.

Mwanao

2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi nipo nipo tu.

Barua yako nimeisoma. Niliapa mbele ya hakimu. Miaka minne nimewaambia majirani kwamba mkwe wangu alitaka kukuua. Tunakutana bombani kila siku, yeye na ndoo yake mkono wa kushoto, na hatusalimiani. Nilifanya vile kwa ajili ya nani? Leo unanivua nguo mbele ya wafungwa! Huyo mshauri ndiye aliyekuzaa?

Maliza kifungo urudi nyumbani. Habari za droo usiniandikie tena.

Mama yako

20 Juni

Mama,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Kama unaumwa, hata mtu akuandikie mstari mmoja.

Kamati ya kuachiwa mapema inakaa Agosti. Wanataka barua ya ndugu atakayenipokea, nami sina mwingine ila wewe. Lakini naogopa kutoka. Humu nakaa na watu wanaojua nilichofanya. Huko nje umeniwekea uongo niishi ndani yake, na nikiuzoea, najijua, nitampiga mwingine.

Juzi mshauri aliniambia nihamie kiti kingine, niseme kama vile mimi ndiye mke wangu. Nikahamia. Yakanitoka maneno matatu tu: "Mama, mwambie aache."

Hakuwa ananiita mimi, unakumbuka? Alikuwa anakuita wewe.

Profesa ndiye aliyenirudisha kwenye kiti changu.

Mwanao

3 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, baba. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nakukasirikia, na hasira zilipoisha ikabaki aibu.

Nimekwenda. Nilimkuta kwa dada yake, anafunga vifungo vya shati la mtoto wa dada huyo kwa mkono mmoja. Sikukaribishwa kukaa. Nikasema, "Nilikusikia siku ile. Nilikusikia vizuri kabisa."

Akasema, "Najua. Ulinitazama."

Nikalia. Yeye hakulia. Nikamuuliza anataka nifanye nini. Akasema msamaha hana, nisimdai. Ila anataka akienda bombani asiangalie nyuma. "Asirudi mtaa huu. Hata kunisalimia asije."

Jana nilikwenda mahakamani kukiri kwamba nilidanganya. Karani ameandika maelezo yangu, amesema nitaitwa. Majirani nao wamesikia kwa mdomo wangu mwenyewe. Wengine wameacha kunipokea salamu.

Ile barua ya kukupokea nimeianza mara nne. Sikuimaliza. Nimempigia mjomba wako, nikadhani atakuchukua. Akakata simu kabla sijafika mwisho. Kwa hiyo kamati ikikaa, mwanangu, hawatakuta karatasi yoyote kutoka kwangu. Wakikuachia, sijui utalala wapi. Lakini usije hapa. Nakuomba.

Niambie utakakokuwa. Hata iwe mbali vipi, nitakuja mimi.

Bado mama yako