Mvua Uliyoshindwa Kuipima

Baba,

Shikamoo. Mama anakusalimu, ingawa ananicheka kwa kukuandikia. Anasema hata ulipokuwa hai hukuwa mtu wa kujibu barua.

Tangu utuache mambo yamebadilika. Sabuni haipangiwi foleni tena. Maduka ya Muheza yamejaa, na mitumba inamwagwa hadi barabarani. Mimi niko Tanga mjini, kwenye ofisi inayopanga miradi ya maji. Waliniajiri kupiga chapa, kisha ikaja kompyuta, nikaambiwa nijifunze. Mwanzoni niliogopa hata kuigusa. Sasa naiona kama cherehani tu: ukiielewa, inakutii.

Kazi yangu kubwa ya kwanza ilikuwa mvua. Vipimo vya vituo vyote, kuanzia Amani mpaka Moa na Mwera, niliviingiza kwenye jedwali moja: kila mwaka mstari wake, kila mwezi wa kila kituo safu yake. Safu zilikuwa nyingi mpaka hazikuenea kwenye kioo. Nilipofika kwenye miaka yako ya mwisho ya kupima mvua pale Amani nikakuta vile vistari vyako. Nilishindwa kuendelea, Baba. Nikasema nakwenda kunywa maji.

Unakumbuka gilasi ya kupimia mvua ilipovunjika, enzi zile hata kiberiti kilikuwa cha kutafuta? Uliomba nyingine, haikuja. Mvua ilinyesha mpaka kuku wakaingia ndani, nami nikakuambia, "Andika sifuri basi, yaishe." Ukasema, "Sifuri ni jibu, mwanangu. Mimi leo sina jibu." Ukachora kistari.

Sasa, penye vistari vyako niliacha wazi, na programu yetu ya takwimu haitaki nafasi tupu. Mkuu wangu, Bwana Mbelwa, kijana mpole wa Lushoto, aliiandikia amri moja: palipo na pengo weka sifuri, safu zote kwa mpigo. Ikamaliza kabla sijakaa vizuri. Miaka yako ile ikaonekana ya ukame mtupu.

"Chemchemi ya kijijini kwenu haiaminiki, Stumai," akaniambia kwa huruma. "Itabidi bomba tulipeleke kwingine."

Mawazoni nikamwona Mama na ndoo yake kwenye mteremko wa chemchemi, na magoti yake yale. Nikasema: "Bwana Mbelwa, ile mvua ilinyesha. Ilinilowesha mimi. Kilichokosekana ni kipimo."

Akavuta kiti. "Haya. Tujaze nini?"

Mimi nilitaka wastani mmoja wa mkoa mzima. Akacheka, akanikumbusha kuwa mvua ya Moa si mvua ya Amani. Tukakubaliana kila pengo lijazwe kwa wastani wa safu yake yenyewe: Aprili ya Amani kwa Aprili nyingine za Amani. Nilianza safu mojamoja mpaka vidole vikauma. Ndipo akanionyesha namna ya kuiambia kompyuta ipite safu zote yenyewe, na kila inapofika ikokotoe wastani wa hapo. Tukaweka na alama kwenye kila tulichokadiria, mtu asije akadhani ulikipima wewe.

Hesabu peke yake haikumtosha. Alipanda mwenyewe kuiona chemchemi, tena wakati wa kiangazi. Mama akamchotea, akanywa. Aliporudi, kijiji chetu kikabaki kwenye mpango.

Baba, maji yamefika! Bomba liko jirani na mlango wa jikoni. Siku ya kwanza Mama alifungua, akafunga, akafungua tena. Kisha akamkalisha mwanangu chini ya bomba mchana kweupe, akamsugua kichwa mpaka povu likamfunika uso. "Mwaga tu," akasema. "Mwaga!" Alikuwa anacheka na kulia. Mtoto tumempa jina lako. Laiti ungemsikia anavyopiga kelele.

Juzi ofisi imeleta wasichana wawili wajifunze kompyuta, na wamekabidhiwa kwangu. Mmoja anaiogopa kama nilivyoiogopa mimi. Nakuahidi nitawafundisha taratibu, bila kuwagombeza, na sitawaacha waandike wasichokijua.

Pumzika, Baba. Mungu akulaze pema. Huku tunaoga mpaka tunasahau kufunga bomba.

Mwanao,
Stumai