Kwa Fundi wa Turbo Aliyepelekwa Fizi

Mume wangu, Baba Asende,

Mdogo wako Etabo yuko nje, amekaa kwenye kiti chako, anangoja jibu langu. Anataka kujua kama Jumamosi tukae kilio chako au tuache. Maharagwe yamekwisha nunuliwa, bamama wa kanisa wamekubali kupika, na dada zako wa Nundu wametuma habari kwamba watakuja. Nimemwambia aniache kwanza nikuandikie. Amenitazama vile watu wanavyomtazama mgonjwa, lakini amekubali. Barua hii haina njia ya kukufikia, kwa hiyo naiacha wazi, aisome atakaye.

Nianze na sabuni, maana hasira yake bado ninayo. Kila mara gari lile la tajiri wako lilipoanza kutoa moshi mweusi na kukosa nguvu, uliingia jikoni kwangu bila hodi, ukachukua sabuni yangu ya vyombo. Uliikoroga kwenye bakuli mpaka ikatoa povu, ukaenda kuipaka kwenye diriti, ile mipira minene inayopeleka upepo wa turbo kwenye radieta ndogo ya kuupoza. Halafu ukaniita. Kazi ile inataka watu wawili. Mmoja anakaa ndani akikanyaga pedali, mwingine anainama chini ya kapo, kifuniko cha injini, kuangalia povu linachemkia wapi, maana hapo ndipo upepo unatoroka. Mimi sikujua kuendesha hata baiskeli, lakini nilikaa kwenye usukani kama mke wa gavana, mikono inanuka ndagala, dagaa wa ziwa letu.

"Mama Asende, finya!" ulipiga kelele. "Finya tena! Achia! We unafinya sawa vile unaua nyoka!"

"Na we unaniita sawa vile niko ng'ambo ya ziwa!"

Majirani walikuwa wanakuja kutucheka. Nilijifanya nimekasirika. Ukweli ni kwamba nilipenda sana, na sikuwahi kukuambia.

Mipira ile haikukosa mafuta hata siku moja. Ulinieleza kwamba turbo ikizeeka inatema mafuta kidogo kidogo pamoja na upepo, na mafuta hayo yanaufanya mpira uteleze kwenye bomba lake. Mafundi wengine walikaza tu kolie, ule mkanda wa chuma wa kuubana, wakaukaza hadi ukakata mpira. Wewe ulifungua kila kitu. Ulisugua bomba kwa sabuni, ukasugua mpira ndani, ukaacha vikauke juani, ndipo ukavirudisha. "Kama mafuta inabaki pale, kwa njia ya tambarare itashika," ulisema. "Lakini kwa mulima itatoka." Nilisikia maneno hayo mara nyingi hadi nikawa naweza kuyasema pamoja na wewe, na nilikuwa nayasema, kwa kukuchokoza.

Vita ilipofika mji wetu wa Baraka, tajiri wako alivuka ziwa na watoto wake akakuachia gari. Ulilificha nyuma ya nyumba, ukalifunika mabua ya mahindi, ukafungua mipira ukaitia chini ya kitanda chetu. Nililala juu ya harufu ya mazutu, dizeli ya gari, msimu mzima. Mtu fulani akatuchongea. Sijui nani, na siku hizi sitaki kumjua.

Walikuja asubuhi, wakati nimeanika mihogo. Sitasema walikuwa wa upande gani, maana mwaka ule mji ulikuwa unabadilisha wenyewe, na kila aliyekuja alikuwa na njaa ileile. Komanda wao alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. Alifungua kapo mwenyewe.

"Hii gari iko na nini?"

"Iko nakosa upepo, komanda. Diriti zimeoza na mafuta."

"Tengeneza. Leo tunapanda Fizi."

Ukatoa mipira chini ya kitanda. Mimi nikakaa kwenye pedali, askari mmoja amesimama mlangoni kwangu, bunduki imegusa goti langu. Safari hii hukupiga kelele. Ulisema "finya" kwa upole, na "achia" kwa upole, na hapo ndipo niliogopa. Ulipomaliza ulinirushia kile kitambaa cha kufutia, ukasema, "Ufue hii." Nilikiangalia. Kilikuwa kisafi. Hukuwa umefuta kitu, Baba Asende. Uliirudisha mipira na mafuta yake yote, ukakaza kolie juu yake, ili gari livuke mto Mutambala vizuri na kuwafia mlimani, mbali na nyumba yetu, waliache huko.

Nilielewa palepale, na kwa dakika moja nilikusifu moyoni. Kisha ukaharibu kwa kusema sana.

"Itashika tu kidogo, komanda. Mi sina kolie mupya. Kwa mulima, siwezi kuapa."

Yule kijana akafikiri. "Basi, utaenda na sisi. Kama inakufa, utaitengeneza."

Niliona uso wako. Ulisema, "Muniache nikaze tena kidogo," na mkono wako ulikuwa tayari kwenye kapo. Akakuambia utakaza huko mbele. Ukapanda nyuma na shati lako la kitenge, lile lililokatwa kwenye kitambaa kimoja na vazi langu la kwaya, la ndege wa njano. Hatukuagana. Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa kisafi.

Baada ya hapo, habari moja tu ilitufikia. Mama mmoja aliyekimbia kutoka juu alituambia gari lenu liko mlima wa Fizi, kapo wazi, hakuna mtu. Wengine waliona matumaini katika maneno hayo. Etabo alisema umewatoroka. Dada zako walisema utakuwa umeshuka ziwani, uko kambini Tanzania, utaandika. Mimi nilijua mpira umetoka pale mlimani. Nilijua wamefungua kapo, wamekuta bomba linang'aa mafuta, na hata mtoto angeona kwamba halikufutwa. Nilijua walichokufanyia. Kwanza sikuwaambia kwa sababu wenye bunduki walikuwa bado mjini, na neno kama hilo lingechoma nyumba. Baadaye sikuwaambia kwa sababu sikuona faida.

Sikulia. Watu wengi wamelizungumza hilo. Nilipika, nikauza ndagala, nikakimbia na watoto hadi Nundu, nikarudi, nikakimbia tena, nikarudi. Asende alipougua malaria hadi akawa haniiti tena mama, nilimwosha na maji, nikawa nawaza tu kama chumvi imebaki ya kesho. Alipona. Sikufurahi pia. Ndani yangu hapakuwa na mtu wa kufurahi. Kanisani walinitaja kwenye maombi, mama anayemngoja mume wake kwa imani, na wote wakageuka kunitazama. Niliinamisha kichwa. Ilikuwa rahisi zaidi kuliko kueleza.

Sasa njia imefunguliwa. Etabo alisema watoto wanakua bila kujua kama wana baba au hawana, na kwamba inafaa tukuzike hata bila mwili. Alitaka tuchukue udongo wa pale gari liliposimama, tuuweke kwenye kaburi. Nilikubali. Kwangu hiyo ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Wiki hii tulikwenda kwa miguu, tukalala njiani kwa ndugu za mkewe, tukaanza kupanda. Kila kona nilikuwa najiandaa. Niliangalia kona ya kwanza, hakuna gari. Niliangalia ile kona mbaya, hakuna gari. Tukapanda hadi pumzi ikatuishia, njia ikawa sawa tena, nyumba za Fizi zinaonekana. Gari lilikuwa pale. Yule mama alisema ukweli, lilikuwa mlima wa Fizi, ila mimi sikuwahi kuuliza kama ni chini au juu.

Limeliwa lote. Hakuna magurudumu, hakuna viti, hakuna betri. Ekseli ya nyuma imevunjika vipande viwili, na kila mtu wa pale anasema ndicho kilicholisimamisha. Mipira mikuukuu imebaki, hakuna aliyeitaka. Etabo alikuwa anachimba udongo na panga. Mimi niliingiza mkono chini ya kapo, sijui kwa nini, labda mazoea. Chini ya kolie kulikuwa na kitambaa kimezungushwa kwa ufundi, kimekazwa sana. Nilikwaruza vumbi kwa ukucha. Ndege wa njano.

Uliwasimamisha kabla ya mlima, Baba Asende. Sijui uliwaambia uongo gani huko chini. Ulipasua shati lako ukafuta bomba, ukarudisha mpira kwa namna yako, na gari likapanda mlima mzima. Hawakukuta kosa lolote. Walikuwa na fundi aliyewafikisha juu, na fundi wa namna hiyo katika vita ile hakuna aliyemtupa. Gari lilipokufa kwa ekseli ulikuwa bado hai, unatembea, na pale njia zinagawanyika, moja inakwenda Lulimba, nyingine Minembwe, nyingine inarudi ziwani.

Etabo aliniuliza ninalia nini. Sikujua kwamba ninalia.

Nakuambia wazi, sikufurahi. Nilikukasirikia palepale barabarani, kwa sauti, hadi Etabo akaweka panga chini. Nilikuwa nimekuzika. Nilikuwa nimekuzika peke yangu, bila maharagwe na bila bamama wa kanisa, na moyoni pakawa pametulia, nikaweza kuishi. Nani alikuomba ulifute bomba lile? Na kama ulipona, mbona hata salamu? Ziwa lina mitumbwi kila siku. Au ulikufa mbele zaidi, mahali ambapo sitawahi kufika, na nimelilia kitambaa. Yote mawili yanawezekana. Kabla ya kupanda mlima ule sikuwa na hata moja la kunisumbua.

Nitatoka sasa nimwambie Etabo maharagwe yaliwe, wageni wasirudishwe, lakini kilio hakitakuwapo. Atauliza hadi lini. Atasema nimesubiri vya kutosha, na watu wote watamuunga mkono, kwa sababu walidhani miaka hii yote nilikuwa nakungoja. Sikuwa nakungoja hata siku moja.

Nimeanza leo.

Mke wako,
Mama Asende