Msonobari wa Juu ya Qingshi

Qingshi, 3 Aprili 1984

Mwanangu Yunxiu,

Hujambo huko kwenye kituo cha panda? Unakula? Kile kifua kimepona? Sisi wazima, ila goti la baba yako linamsumbua tangu theluji iyeyuke. Nakutumia vipande viwili vya nyama ya nguruwe ya moshi. Usigawe yote.

Mianzi ya juu imetoa maua na kufa, kama mlivyosema. Kipaza sauti cha kijiji kinatangaza kila asubuhi, atakayeona panda mwenye njaa amsaidie. Basi jana nikichuma mboga za msituni nikakuta mtoto wa panda juu ya msonobari, peke yake, ukubwa wa mbwa wetu. Nilikaa chini ya mti toka asubuhi mpaka jua la utosi. Mama yake hakuonekana. Nikamwita baba yako mdogo, Dequan, apande amshushe. Akanicheka njia nzima: "Shemeji, uzeeni umepata kitinda mimba."

Amelala karibu na jiko. Nampa maziwa ya mbuzi na uji wa mahindi. Mama gani anamwacha mtoto hivi, hata kama kuna njaa? Niambie nimpe nini kingine.

Mama yako


Kituoni, 9 Aprili

Shikamoo Mama,

Kifua kimepona. Nyama imefika, nimeificha chini ya kitanda.

Mama, ukipata barua hii mrudishe saa hiyohiyo, kwenye msonobari uleule. Hakuachwa. Ndivyo wanavyolea. Mtoto wa miezi saba hawezi kumfuata mama yake kutwa, basi mama humpandisha mtini chui wasimpate, mwenyewe akaenda kula. Mianzi haishibishi, wanakula mchana na usiku, na mingi inatoka kama ilivyoingia. Anaweza kukaa huko nusu siku, pengine hata siku mbili. Mwaka huu anakwenda mbali zaidi kutafuta iliyobaki mibichi. Lakini anarudi.

Maziwa ya mbuzi acha, yatamharisha. Mimi nina makosa. Miaka mitatu nafanya kazi hapa, nakuandikia habari za chakula na baridi tu.

Mwanao Yunxiu


Qingshi, 19 Aprili

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Barua yako imefika tarehe kumi na tano, mto ulijaa na tarishi akazungukia juu. Mtoto alikufa tarehe kumi na moja.

Aliharisha siku tatu. Nilimpa maji ya wali na sukari guru, kama nilivyokupa wewe ulipougua. Alikuwa analia kama mwanambuzi. Usiku wa pili nilisikia sauti kama hiyo, ila nzito, kule juu upande wa msonobari. Nikamwambia baba yako, mbuzi wa Dequan amepotea tena. Tukacheka. Dequan hakupoteza mbuzi.

Baba yako, anayeniandikia hizi, aliponisomea barua yako nilipanda huko. Gome limeparuliwa mpaka kwenye tawi alilokuwa amekalia. Kinyesi kipo, kingine kikavu, kingine cha siku ileile.

Yunxiu, mama yake anangoja siku ngapi?

Mama yako


Kituoni, 27 Aprili

Shikamoo Mama,

Usiende tena kwenye ule mti, nakuomba. Hukukusudia. Hata hapa watu waliosoma walikosea hivyohivyo mwanzoni.

Watakuja wakubwa wangu wawili kuufukua mwili, wanahesabu panda waliokufa mwaka huu. Nimewaambia ulimkuta hoi kwa njaa. Wakikuuliza, sema hivyo, basi. Kuna watu wamehojiwa wiki nzima kwa ajili ya panda, na Baba na goti lile, nani atamsaidia? Wape chai, waandike, waondoke.

Mwanao Yunxiu


Qingshi, 6 Mei

Mwanangu,

Sisi wazima. Baba yako sasa anafika kisimani bila fimbo.

Wageni wako wamekuja. Niliwachemshia mayai. Walikuwa watu wapole, yule mwembamba akaniita mama. Nilisema kama ulivyonifundisha. Akaandika, nikamwomba anisomee. Akasoma: amekufa kwa njaa, ametelekezwa na mama yake. Nikawaongezea chai. Wakala mayai, wakaondoka na mzigo wao.

Tangu hapo nawaza hivi. Ulipokuwa mchanga nilikuwa nakulaza pembeni ya shamba, nalima viazi mpaka tuta la mwisho, ambako sikuoni. Ulikuwa unalia, nasikia, namaliza mstari ndipo nakuja. Fikiri angepita mtu mwenye huruma akakubeba, nami nikarudi nikakuta nyasi zimelala tu, halafu kwenye daftari la serikali wakaandika kwamba nilikutupa.

Yule mama panda amekuja siku kumi na tisa tangu niliposomewa ile barua yako. Wewe hukunijibu, nikahesabu mwenyewe. Kuanzia juzi hakuna alama mpya.

Nenda kwa huyo mwembamba. Mwambie afute. Aandike mtoto alikuwa mnene, na mama yake alikuwa amekwenda kula, na aliyemchukua ni Luo Guizhen wa Qingshi. Wakinihoji wanihoji, nitawachemshia mayai tena. Usipokwenda, nitakuja mwenyewe kwa miguu, na najua hutapenda wenzako wanione na viatu hivi.

Jifunike kifua.

Mama yako