Mtandao Nilioukata kwa Ajili ya Chai

Jumanne

Na aliyeukata mtandao ni mimi mwenyewe! Nilichomoa waya wake nichomeke birika la chai, huku orodha ya abiria wa boti ya Mwamgongo ikiandikwa kwenye diski iliyoko ofisi ya Kigoma. Hifadhidata yenye orodha hiyo ikaharibika palepale.

Bila orodha boti haiondoki, na bibi harusi yuko ufukweni ananitazama.

Mpwa wangu Zaina alishanionya: "Mjomba, hifadhidata ikae kwenye kompyuta yetu hapa Ujiji. Mtandao hauaminiki." Nikamjibu waya wangu uliwahi kumvuta mamba ziwani.

Zaina ameirudisha hifadhidata kwa nakala aliyoificha asubuhi. Boti imeondoka na bibi harusi. Watu nimewaambia nilikuwa nampima Zaina.

Kesho tunaihamishia hifadhidata hapa, na nitasema wazo ni langu.