Kitanda Kilichokwama Mlangoni

Marahaba, Zuhura, mjukuu wangu na mke mwenzangu.

Sisi wazima, alhamdulillah. Shangazi yako kajifungua salama, na mikorosho ya shamba letu la Tingi imeanza kuangusha.

Unasema picha za wagonjwa wa hapo hospitalini kwenu hazihamii kwenye mashine ya akiba iliyoko Lindi, na kompyuta yenu ya zamani iko mbioni kufa. Mafaili madogo yanapita, kubwa linakatika palepale, hata baada ya kubadilisha waya mara tatu. Kompyuta siijui, lakini hiyo palepale imenikumbusha kitanda changu cha harusi.

Kilipelekwa Songo Songo, kwao babu yako. Vyungu, mikeka na sanduku viliingia ndani, kitanda kikakwama. Wakalaumu wapagazi, wakaleta wengine, kikakwama palepale. Ndipo mama mkwe akauliza, "Mlango mmeupima?" Hakuna aliyeupima. Fundi wetu wa Kilwa alidhani milango yote ni mipana kama ya kwetu.

Wakakifungua vipande, wakakiunga ndani, vigelegele vikapigwa. Mama mkwe akasema, "Sikipokei mpaka nimekilalia." Akajilaza, kikaporomoka naye. Ubao mmoja ulisahaulika nje ya mlango!

Siku ile niliona haya. Siku hizi, nikiambiwa kitu kimefika, namkumbuka yule mama pale sakafuni, anacheka.

Basi upime mlango wa hiyo mashine, mama, uone unapitisha faili la ukubwa gani. Na faili likishaingia, lifungue kwanza ndipo unipigie simu.

Ni mimi bibi yako, ambaye kitanda kile anakilalia mpaka leo.