Mama Mkwe Kwenye Kioo cha Simu, Malaba 1977

Phanuel, uko? Usicheke kwanza.

Nimeonana uso kwa uso na mama yake Naliaka. Kwenye simu. Bila shati.

Niko foleni hapa Malaba, najimwagia maji kando ya lori. Simu inalia, naona jina la Naliaka, napokea ya picha. Kumbe mama ndiye ameshika simu ya binti yake.

Mama mkwe, Phanuel, na unajua mila inakataza tuonane. Mtu ambaye nikimwona njiani kule Nambale naingia kwenye mahindi nijifiche.

Akasema tu "uuwi," akaiangusha.

Nikamwambia mzee Mutua, dereva wa lori la mbele. Akacheka mpaka akakaa chini. "Laumu askari wetu waliorudi kutoka vita vya Burma na zile redio. Wangewarudishia Waingereza badala ya kuzichokonoa nyumbani mpaka zikawa simu, leo hakuna mtu angekuwa na simu mfukoni. Ungepanga laini posta kupiga simu, na ungeoga kwa amani."

Mimi siwezi kukaa. Wazee wa kina Naliaka wako kikao saa hii, wanaamua kama kuonana kwa simu ni kuonana. Wakisema ndiyo, hakuna harusi Jumamosi.

Foleni imesonga, mimi nimesahau kusonga. Nyuma wananipigia honi.

Ngoja. Naliaka ameandika: "Mama ameapa mbele ya wazee hakuona kitu, jua lilipiga kioo. Wamekubali."

Halafu ameongeza: "Lakini anasema ule vizuri, mbavu zinahesabika."