Mshono Chini ya Plastiki

Jumatatu, 9 Februari

Shule. Maji. Fizikia, sura ya vyuma. Kaka Bauma amerudi kutoka Kitchanga akilalamika kwamba usukani unavuta kushoto. Piki yake ya kubeba abiria ni ya aina mpya, hapa Burungu nzima zipo tatu tu. Bado imefungwa plastiki ya kiwandani, kuanzia tangi hadi shingo chini ya usukani. Huku hakuna anayeitoa. Ukiitoa, abiria wanasema piki yako ni kuukuu.

Jumatano, 11 Februari

Usukani umevuta tena, kwenye mteremko, Mama akiwa nyuma na fromaji zake, jibini za kuuza sokoni. Nusura waanguke. Mama amesimulia akicheka. Mimi nimeogopa. Nimemwomba kaka tukate plastiki ya shingo, tuangalie.

"Mwalimu mudogo," amesema, "unataka kuvua piki nguo mbele ya watu?"

Wote wamecheka.

Alhamisi, 12 Februari

Asubuhi nimesimama mbele ya gurudumu. Sijawahi kumzuia mtu. Kaka amenitazama, akachukua kisu. Chini ya plastiki mshono wa chuma umeachana. Ukucha wa kidole changu kidogo unaingia.  Kaka ameifungia piki nyumbani. Bila piki hana kazi.

Jumamosi, 14 Februari

Tumepanda lori la kabichi hadi Sake, piki juu, kwa Papa Deo aliyeiuza. Garanti, ile dhamana ya kiwanda, haijaisha. Njiani nimesoma kitabu cha garanti, cha Kifaransa, mara kadhaa na kuandaa la kusema. Papa Deo, kwa upole, amesema kaka alibeba mizigo mizito na garanti hailipi uzembe. Nimefungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Tumerudi na piki vilevile. Nauchukia mdomo wangu.

Jumapili, 15 Februari

Baada ya misa nimewafuata wenye piki kama yetu.  Safari, rafiki wa kaka, ameuliza kama nitamnunulia plastiki ingine. Kaka amekuja kusimama kando yangu. Safari amekata. Mahali palepale kama kwetu, ufa mwembamba kama unywele. 

Papa Kibira, mwenye piki ya tatu, amekataa. Amempakia mke wake, wakaenda. Nimetazama barabara mpaka vumbi likatulia.

Jumanne, 17 Februari

Papa Kibira amekuja kwetu kwa miguu, akisukuma piki. Plastiki ya shingo ameshaikata. Yake ndiyo mbaya kuliko zote. Mama amempa chai.

Jumamosi, 21 Februari

Piki tatu kwenye lori, hadi Sake tena. Papa Deo amerudia maneno yale ya mizigo. Kaka na wenzake wakaanza kupandisha sauti. Mimi nilikuwa natazama piki mpya mlangoni mwa duka, imefungwa plastiki, haijauzwa.

Nikasema, "Papa, hii haijabeba mizigo. Ukate hii."

Sauti yangu ilikuwa ndogo lakini watu waligeuka. Papa Deo akasema mimi ni mutoto, niache wakubwa waongee. Nikabaki nimesimama. Nilimwambia kitabu cha garanti kinataja kasoro ya kiwanda kabla ya kutaja mizigo. Wateja wawili waliokuwa wakichagua piki wakasogea.

"Ukate, Papa," mmoja akasema. "Hata mimi ninataka kuona."

Alikata mwenyewe, taratibu. Mshono haukushika vizuri. Pengo safi, bila hata vumbi. Akalifuta kwa kidole gumba kama anayefikiri litatoka.

"Njo kiwanda, si mizigo," akasema polepole, kama anajiambia mwenyewe.

Akaita kijana wake, piki ile ikaingizwa ndani. Akapiga simu Goma, kwa waliomletea piki, palepale mbele yetu. Piki zetu zote zimebaki kwake. Tumerudi mikono mitupu. Mama ameuliza tumefanya nini. Kaka amesema, "Umuulize mwalimu."

Ijumaa, 20 Machi

Kaka amerudi kutoka Sake, piki ina fremu mpya. Papa Kibira na Safari wako nyuma yake, kwenye piki zao. Usukani umenyooka. Plastiki ya shingo mpya ameitoa dukani kabla ya kutia mafuta, akapapasa mshono wote. Kwenye parkingi, wanapongojea abiria, wenzake wamemwita mzee wa piki kuukuu. 

Plastiki yenyewe ameikunja na kuniletea. Jioni nimefunika nayo kitabu cha fizikia. Kona moja plastiki haikuifikia, nimeiacha wazi. Mvua inanyesha. Kaka amelala.